Diski zinavuma na kunakili kunasuasua: tatizo ni beringi, sponji au sabufa?

"Habari za kazi, fundi. Nina studio ndogo ya kuhariri video za harusi na kurekodi kaswida hapa Tanga. Kompyuta yangu ni ya kasha la kusimama, la bati jepesi, na ndani ina diski ngumu nne: tatu za mizunguko 7,200 kwa dakika na moja ya mizunguko 10,000 niliyoinunua mtumba. Zote zimebanana kwenye fremu moja. Zikiwaka pamoja kuna mvumo unaopanda na kushuka kila baada ya sekunde kadhaa, na nikiweka kiganja mezani nausikia mkononi. Sabufa iko chini ya meza hiyohiyo. Rafiki yangu alinishauri nitoe skrubu, niziegemeze diski kwenye vipande vya sponji ya godoro. Mvumo ulipungua sana, lakini sasa kunakili faili kubwa kunasuasua kuliko mwanzo na diski zinachemka. Mwingine anasema beringi zimekwisha, nimpe azifungue azitie oili. Nina harusi za miaka sita humo ndani. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, kwanza kabisa usimpe mtu yeyote azifungue diski hizo. Sababu nitakueleza. Pili, kama harusi za miaka sita ziko humo peke yake, kazi ya leo si kupunguza mtetemo. Kazi ya leo ni kuzima kompyuta, kutoa sponji zote, kurudisha skrubu, kununua diski moja ya nje na kunakili kila kitu ambacho huwezi kukirekodi tena. Bibi harusi hawezi kuombwa aolewe upya kwa ajili ya kamera. Ukimaliza hapo, rudi tuendelee kwa utulivu.

Nilivyokuelewa, una matatizo mawili yanayovaa nguo moja. La kwanza ni mtetemo unaotoka kwenye diski na kwenda nje: huo ndio mvumo, na ndio unaousikia mezani. La pili ni mtetemo unaoingia ndani ya diski, kutoka kwa diski jirani, feni au sabufa, na kuisumbua isisome wala kuandika vizuri. La kwanza linasumbua masikio yako, la pili linasumbua kazi yako. Rafiki yako alilitibu la kwanza kwa dawa inayolilisha la pili. Hakuwa na nia mbaya, na watu wengi sana wamefanya hivyohivyo kwa sababu ukimya unadanganya: chombo kikinyamaza tunadhani kimepona.

Tuanze na mvumo. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa kila sekunde. Sahani ya ndani ya diski ya inchi 3.5 ina upana wa takriban milimita 95, kwa hiyo ukingo wake unakimbia karibu mita 36 kwa sekunde, yaani kiasi cha kilomita 130 kwa saa, usiku na mchana, bila kutoka mahali pake. Umewahi kuona gari likibalansiwa tairi: fundi anabandika kipande kidogo cha madini kwenye rimu, maana upande mmoja ukizidi uzito hata kidogo tu, usukani hutetemeka gari likishika kasi. Sahani za diski nazo hubalansiwa kiwandani baada ya kufungwa kwenye mhimili, lakini hakuna kubalansi kulikokamilika asilimia mia. Kila diski hubaki na uzito mdogo sana uliozidi upande mmoja, na uzito huo unaivuta diski nzima huku na huku mara 120 kwa sekunde.

Nguvu ya mvuto huo haiongezeki sambamba na kasi, inaongezeka kwa mraba wake. Chukua kasoro ileile, iweke kwenye diski ya mizunguko 5,400, kisha kwenye ya 7,200: kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu ya mtikisiko imeongezeka karibu mara 1.8. Ipandishe tena mpaka 10,000 na nguvu hiyo inakaribia kuongezeka maradufu juu ya ile ya 7,200. Ndiyo maana historia ya kuongeza kasi imekuwa pia historia ya kupunguza ukubwa wa sahani. Watengenezaji wa diski Seagate walipotoa diski yao ya Barracuda ya mizunguko 7,200 mwaka 1992, kisha Cheetah ya 10,000 mwaka 1996, na ya 15,000 mwaka 2000, sahani za ndani zilizidi kuwa ndogo ingawa boksi la nje lilibaki la inchi 3.5. Sahani pana inayokwenda kasi hiyo hula umeme mwingi, hupata joto, na kingo zake hupepea kwa upepo inaouzalisha yenyewe.

Sasa kwa nini mvumo wako unapanda na kushuka? Hilo si dalili ya ugonjwa. Diski zako tatu za 7,200 hazizunguki kwa kasi ileile kabisa. Tofauti ya sehemu moja katika elfu inatosha: moja inazunguka mara 120 kwa sekunde, nyingine mara 120.12. Kuna wakati zinavuta upande mmoja kwa pamoja, meza inaguna, na kuna wakati zinavutana pande tofauti, kunakuwa kimya. Kwa tofauti niliyoitaja, mzunguko wa kupanda na kushuka huchukua kama sekunde nane. Ni sawa na wapiga ngoma wawili ambao mmoja ana haraka kidogo: mapigo yanaungana, yanaachana, yanaungana tena. Watu huniuliza kama wanaweza kuzipanga diski mbili zitetemeke kinyume ili zifutane daima. Haiwezekani, maana hakuna kinachozifunga zizunguke pamoja.

Unaweza kuthibitisha haya kwa simu yako. Pakua programu yoyote ya bure inayochora masafa ya sauti, isogeze simu karibu na kasha, na utafute mlima uliosimama kwenye hezi 120, yaani mitikisiko 120 kwa sekunde. Hizo ndizo diski zako tatu. Ile ya 10,000 itajionyesha karibu na hezi 167. Huku kwetu tuna bahati moja ya kiufundi: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo transfoma na vifaa vya umeme huvuma kwenye hezi 100, na huwezi kuvichanganya na diski. Marekani umeme ni wa hezi 60, transfoma zao huvuma kwenye 120 palepale zilipo diski, na kutofautisha kunakuwa kazi. Kama mlima wako mkubwa uko kwenye 100, basi anayepiga kelele si diski. Angalia pawa saplai, au stabilaiza iliyo karibu.

Kuhusu beringi. Diski za zamani zilitumia beringi za gololi, na gololi zikichakaa zilipiga mluzi mkali au kukwaruza. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, diski za mezani zilihamia kwenye beringi za oili: mhimili unaelea ndani ya utando mwembamba wa oili uliofungiwa humo kwa maisha yote. Hakuna mahali pa kuongeza oili. Na anayefungua kifuniko ili "atie oili" anaruhusu vumbi liingie mahali ambapo kichwa cha kusomea kinapita juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Chembe ya moshi wa sigara ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara nyingi. Diski iliyofunguliwa chumbani inaweza kuwaka na kufanya kazi siku mbili, tatu, fundi akalipwa na kusifiwa, kisha ikaanza kula sahani zake yenyewe. Mvumo unaopanda na kushuka polepole, kama ulivyoueleza, hauna uhusiano na beringi mbovu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe, lile linalokusumbua kwenye kunakili. Data zimeandikwa juu ya sahani kwenye njia za duara, na njia moja kwenye diski za leo ina upana usiofika nanomita 100. Unywele wako una upana mara mia kadhaa ya huo. Kichwa cha kusomea kiko kwenye ncha ya mkono, mkono unasukumwa na koili iliyo kati ya sumaku kali, na kati ya data kuna alama maalumu zinazokiambia kichwa kila mara, "umeteleza kushoto kidogo, rudi." Diski inajirekebisha hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Mtetemo ukiwa mdogo, marekebisho yanauwahi. Ukizidi, kichwa kinatoka njiani.

Na si kila mtetemo una madhara sawa. Chukua rula, itoboe katikati kabisa, itundike kwenye msumari uliopigiliwa kwenye kibao. Sogeza kibao haraka kushoto na kulia: rula inakifuata bila kuzunguka, maana uzito wake umegawanyika sawa pande zote za msumari. Sasa kipindue kibao kama mtu anayezungusha usukani: kibao kinageuka, rula inabaki nyuma. Mkono wa ndani ya diski umebalansiwa kama rula hiyo. Ukiitikisa diski kwa mstari ulionyooka, mkono unakwenda nayo na kichwa hakipotei sana. Ukiisokota, hata kidogo, mwili wa diski na sahani zake vinageuka chini ya kichwa kilichobaki nyuma. Ndiyo maana watengenezaji wa diski za seva huhesabu mtetemo wa kusokota peke yake, na huweka vihisio vya kuupima. Msokoto ndio adui.

Kichwa kikitoka njiani wakati wa kusoma, diski inasubiri sahani izunguke tena ijaribu upya. Wakati wa kuandika ni mkali zaidi: inasimamisha kuandika mara moja, isije ikafuta data za njia ya jirani. Hilo ni jambo jema, linalinda harusi zako, lakini lina gharama. Mzunguko mmoja kwa kasi ya 7,200 ni milisekunde 8.3. Diski inayosoma MB 180 kwa sekunde hupitisha kiasi cha MB 1.5 kwa kila mzunguko. Ikilazimika kurudia mzunguko mmoja kwa kila njia, kasi inaanguka nusu, bila onyo lolote kwenye skrini na bila data kuharibika. Wewe unaona tu kunakili kunasuasua.

Sasa utaelewa sponji imefanya nini. Mkono wa diski unaporuka kutoka njia moja hadi nyingine huanza na kusimama kwa ghafla sana, na kwa kuwa unasukuma mwili wa diski ili uruke, mwili nao unasukumwa kinyume, kama mtumbwi unavyorudi nyuma ukiruka kwenda gatini. Diski yenye skrubu nne imeshikamana na fremu, na fremu na kasha zima, hivyo msukumo huo unagawanywa kwenye kilo kadhaa za chuma. Diski iliyokaa juu ya sponji ina gramu zake 700 tu za kujizuia. Kila mkono unaporuka, mwili unasokotwa, na msokoto huo unamkuta kichwa akijaribu kutulia kwenye njia mpya. Zaidi ya hayo, sponji ya godoro ni blanketi. Diski hupoa kupitia chuma cha mwili wake, kinachogusa fremu na kupigwa na feni. Ukiifunika, joto halina pa kwenda. Na angalia kifuniko cha juu: diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia lenye maandishi ya kukataza kulifunika. Natumaini sponji haikulala juu yake.

Sabufa pia si mshukiwa wa kubahatisha. Mwisho wa mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake tu, na grafu ikaonyesha palepale diski zikichelewa kujibu. Mwezi wa Septemba 2016, kituo cha kompyuta cha benki ya ING jijini Bucharest kilifanya jaribio la mfumo wa kuzima moto kwa gesi. Gesi ilitoka kwa mlio mkubwa kiasi kwamba diski nyingi ziliharibika na huduma za benki zikasimama kwa saa nyingi. Sabufa yako haipigi mlio wa namna hiyo, lakini iko kwenye meza moja na diski, na besi ya dufu inaanguka kwenye masafa ambayo bati jepesi la kasha hupenda kuyaitikia. Niliwahi kuitwa dukani ambako mashine ya kurekodi kamera za ulinzi ilikuwa ikipoteza vipande vya picha kila usiku. Ilikuwa imefungwa kwenye rafu ya chuma iliyoshikana na friji la soda. Compresa ikiwaka, picha zinakatika. Tuliihamishia ukutani, upande wa pili wa chumba, na haikununuliwa hata skrubu mpya.

Kabla hujabadilisha chochote, pima. Chagua faili moja kubwa, ya GB 20 au zaidi, kwenye kila diski. Tumia faili hiyohiyo kila mara, kwa sababu diski husoma haraka zaidi kwenye ukingo wa nje wa sahani kuliko karibu na kitovu, wakati mwingine mara mbili, na ukibadilisha faili utalinganisha embe na nanasi. Washa kompyuta upya kabla ya kila jaribio, ili usipime faili iliyobaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Inakili kwenda SSD, ile diski isiyo na sahani zinazozunguka, kama unayo, kila kitu kingine kikiwa kimya, na uandike kasi yake kwenye karatasi. Rudia muziki ukipiga kwa sauti unayoitumia kazini. Rudia tena muziki ukiwa umezimwa lakini diski nyingine tatu zikifanya kazi nzito. Sasa una namba tatu kwa kila diski. Kasi ikishuka muziki ukipigwa, anza na sabufa. Ikishuka jirani wakifanya kazi, anza na fremu. Isiposhuka popote, mtetemo si tatizo lako na tutatafuta kwingine, labda kwenye waya au kwenye diski iliyojaa kupita kiasi.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni la bure: itoe sabufa kwenye meza hiyo. Iweke sakafuni upande wa pili, au uihamishe kompyuta kwenye stuli yake yenyewe. Hapo ndipo sponji ina kazi halali, chini ya sabufa, si chini ya diski.

La pili ni skrubu, na hili linapuuzwa mno. Diski ikifungwa skrubu mbili za upande mmoja, kama nilivyoona kwenye makasha mengi, inageuka kuwa mlango kwenye bawaba: upande mmoja umeshikwa, mwingine unacheza, na kucheza huko ndiko kusokota. Funga skrubu nne, mbili kila upande, kwa mkono, mpaka zikamate vizuri, kisha ongeza kidogo. Usizikaze mpaka bati lijikunje. Tumia skrubu za saizi yake, maana za diski ya inchi 3.5 ni nene kuliko za diski ndogo ya inchi 2.5, na kulazimisha huharibu uzi kwenye mwili wa diski.

Kisha zitenganishe. Kama fremu ina nafasi sita, usizirundike nne mfululizo. Acha nafasi wazi kati ya diski na diski, na kama kasha lina fremu mbili zitumie zote. Hewa itapita, na msukumo wa jirani utapungua.

Bati jepesi lenyewe linaweza kusaidiwa. Ubavu wa kasha ni ngoma: ukiupiga kwa kucha unalia. Mafundi wa magari hubandika shiti nzito ya lami yenye gundi ndani ya milango ili isilie. Kipande cha shiti hiyo ndani ya kila ubavu, mbali na feni na matundu ya hewa, hubadilisha mlio wa "tiiing" kuwa "tup." Chini ya kasha weka kipande kizito cha terazo au jiwe la sakafu, na raba nene chini ya jiwe. Uzito unatuliza, raba inaikinga meza. Kwa kazi yako ya kurekodi sauti, nafikiri hili ndilo litakalokupa ukimya mwingi zaidi kwa fedha kidogo.

Kuna raba ndogo za mviringo, zinazokaa kati ya skrubu na fremu, na makasha bora huja nazo. Hizi ni njia ya kati, lakini zinataka akili. Kila kitu kilichokaa juu ya raba kina mdundo wake kinachopenda kuchezea, kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa mdundo wake, inazidi kupaa. Ukiisukuma haraka kuliko mdundo wake, inakataa kufuata. Mdundo huo unategemea raba imebonyea kiasi gani chini ya uzito wa diski. Ikibonyea milimita 0.02 tu, mdundo wake ni kama hezi 111, jirani kabisa na 120 za diski yako, na raba inaongeza mtetemo badala ya kuupunguza. Ikibonyea milimita 0.1, mdundo unashuka hadi hezi 50, na kinachopita kwenda kwenye fremu ni takriban moja ya tano. Ikibonyea milimita nzima, karibu hakuna kinachopita, lakini sasa umerudi kwenye ulaini wa sponji na diski inacheza kwa mkono wake mwenyewe. Raba ikitikiswa haraka huwa ngumu kuliko ikikaliwa taratibu, hivyo hali halisi ni mbaya kidogo kuliko hesabu hizi. Chagua raba laini inayobonyea kidogo ukiibana kwa vidole, na usikaze skrubu mpaka raba ilale bapa. Raba iliyobanwa bapa ni sawa na bati.

Wapo wanaoitundika diski kwa lastiki ndani ya kasha. Kwa ukimya hakuna kinachoishinda, na kwa diski moja ya nyumbani inayohifadhi muziki sina neno, mradi feni inaipiga na kasha halihamishwi. Kwa diski nne za kazi nisingefanya hivyo.

Nije kwenye ile ya mizunguko 10,000. Nitakuambia kama ningemwambia mdogo wangu: iondoe. Ndiyo inayotikisa wenzake kwa nguvu kubwa kwa ukubwa wake, inapata joto, na kwa mtumba hujui imezunguka miaka mingapi. Kasi iliyokuwa ikinunuliwa kwa mizunguko 10,000, leo SSD ya kawaida inaipita mbali, na haina kitu kinachozunguka ndani. Weka SSD moja kwa ajili ya mradi unaouhariri sasa, na ziache diski kubwa zihifadhi harusi zilizokwisha. Mabadiliko hayo peke yake yatapunguza mtetemo kuliko raba zote, kwa sababu diski zitapumzika sehemu kubwa ya siku.

Ukinunua diski mpya baadaye, soma imekusudiwa kazi gani. Diski za mezani hutengenezwa zikitarajiwa kukaa peke yake au na mwenzake mmoja. Zile za kukaa nyingi kwenye boksi moja hugharimu zaidi, na nyingi kati yake zina vile vihisio vya msokoto: kihisio kinausikia mtikisiko na kuuambia mkono ujirekebishe kabla kichwa hakijapotea. Kwa diski tatu au nne pamoja, nyongeza hiyo ya bei ina maana. Kwa moja, ni fedha ya bure. Na kwa kuhifadhi tu, diski ya mizunguko 5,400 inatosha na hutulia zaidi.

Mwisho, wakati gani uache haya yote uende kwa mtaalamu ana kwa ana. Tumia programu ya CrystalDiskInfo, au smartctl kama unatumia Linux, usome ripoti ya SMART ya kila diski, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Angalia namba 5, 197 na 198, yaani sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana kusomeka. Zikiwa sifuri na zikabaki sifuri, tulia. Zikiongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa na skrubu haitaiokoa. Namba 10 ikipanda, mota inahangaika kuanza kuzunguka. Namba 199 ikipanda, badilisha waya wa data kwanza. Usitishwe na tarakimu ndefu kwenye namba 1 na 7 za diski za Seagate: zimeandikwa kwa mpangilio wao, si makosa ya kuhesabu moja moja.

Na kama mtetemo ulianza ghafla baada ya diski au kasha kuanguka, hali ni nyingine kabisa. Sahani huweza kuhama kwenye mhimili wake kwa kipigo, na hapo diski hutikisika kwa nguvu ambayo hukuijua kabla, au hupiga "tak, tak, tak" na kusimama. Hiyo usiiwashe tena hata mara moja kujaribu bahati. Kila mzunguko unaweza kuwa unakwangua picha. Ifunge kwenye sponji, hapa ndipo inafaa, iweke ndani ya boksi gumu, uipakate mwenyewe njiani badala ya kuitupia buti la basi, na uipeleke kwa warejeshaji wa data wenye chumba safi kisicho na vumbi. Waulize kabla ya kuiacha kama kufungua kunafanyika hapo hapo au wanatuma kwingine, bei ya uchunguzi ni kiasi gani, na utalipa nini data zisipopatikana.

Ukishapima kasi za diski zako, nitumie zile namba tatu za kila diski pamoja na namba 5, 197 na 198. Nitakuambia ipi ibaki na ipi ipumzishwe.